UZI: Ogania sio uhai! Tuongee kemia ya miezi ya barafu na asteroidi kwa kutulia

kaboni12 (mleta uzi)

Wakuu salama? Huu uzi nimeuwaza muda mrefu. Kila zikitoka habari kwamba molekuli za ogania zimepatikana kwenye mwezi flani wa Zohali au kwenye asteroidi, watu wanagawanyika hapohapo, wengine wanasema viumbe vimeshapatikana sema tunafichwa, wengine wanasema ni kelele tu hamna kitu. Mi naona pande zote mbili zinabishania jambo lililokwisha zamani, yaani kama malighafi za uhai zipo au hazipo. Zipo, zimejaa kwenye mfumo wa jua. Swali lililobaki ni zimekaa kwa uwiano gani, na kama kuna chochote kinachozitumia. Ndo ninachotaka tukijadili, na mwenye kujua zaidi asione haya kunirekebisha.

Tuanze na neno lenyewe maana hapo ndo wengi wanapotelea. Ogania kwenye kemia ni molekuli zilizojengwa na kaboni, mara nyingi ikiwa na haidrojeni, basi. Wakemia wa zamani waliamini vitu hivi vinatengenezwa na viumbe hai peke yake, mpaka mwaka 1828 Friedrich Wöhler alipopata urea maabara kutokana na chumvi, akamwandikia mkemia mwenzake Berzelius kwamba ametengeneza urea bila kuhitaji figo ya mtu wala ya mnyama. Toka siku ile maana ya kale ilikufa ila neno likabaki, na kwenye vichwa vya habari bado watu wanalisoma kwa maana ya kale. Methani ni ogania. Yale mawingu ya gesi kati ya nyota na nyota yana pombe ndani yake na hakuna aliyeitengeneza. Kaboni ina nafasi nne za kushikana na wenzake, inashika haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, inajishika yenyewe kwa yenyewe minyororo na pete, kwahiyo ipe joto kidogo na muda, molekuli ngumu zitajitokeza bila kuombwa.

Sasa njooni Bennu. Hii ni asteroidi yenye upana wa kama mita 500 hivi, chombo cha OSIRIS-REx cha NASA kiliigusa Oktoba 2020 kikachota udongo, na Septemba 2023 kikaudondosha duniani, gramu 121.6. Kichache, lakini ni hazina, kwa sababu haujalala kwenye majani na mvua kama vimondo tunavyookota, umetunzwa kwenye naitrojeni safi toka siku ulipofika, kwahiyo ile hoja ya "labda ni uchafu wa duniani" inapungua nguvu sana. Januari 2025 matokeo makubwa yakatoka: asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe wa duniani wanajengea protini, pamoja na nyingine nyingi ambazo uhai wetu hauzitumii kabisa, besi zote tano za DNA na RNA, amonia nyingi, na chumvi za aina ya zile zinazobaki maji ya chumvi yakikauka taratibu. Mwishoni mwa 2025 wakaongeza sukari, ribosi ambayo ndo mhimili wa RNA, na glukosi.

Hapa ndo nilikaa nikarudia kusoma mara tatu. Asidi amino nyingi zinakuja kwa sura mbili, ya kushoto na ya kulia, zinafanana kila kitu ila moja ni kivuli cha nyingine kwenye kioo, kama viganja vyako viwili ambavyo huwezi kuvilaza kimoja juu ya kingine vikaelekea upande mmoja. Viumbe vya duniani protini zao zinajengwa kwa za kushoto. Kwenye Bennu walipopima wakakuta kushoto na kulia zinalingana, nusu kwa nusu. Yaani malighafi zote zimejaa mezani na bado hakuna mkono uliochagua.

Kwahiyo hoja yangu ni hii: kemia isiyo na uhai inatengeneza kila kinachowezekana, ndogo nyingi, kubwa chache, kushoto sawa na kulia. Uhai unachagua. Tukifika Enceladus (mwezi wa Zohali) au Europa (mwezi wa Mshtarii) tusiulize "kuna asidi amino?" maana nina uhakika mkubwa zitakuwepo, tuulize zimechaguliwa au zimemwagwa tu.

Nitaendelea na miezi ya barafu chini, nianze kusikia kwenu.

Mtazama Anga

Mkuu uzi mzuri sana huu, nimeuweka alama. Swali la haraka kabla hujaendelea, hizo asidi amino kwenye jiwe zinatokeaje? Maana asteroidi ni jiwe baridi linaelea gizani, maji yanatoka wapi?

kaboni12

Swali la maana mkuu. Asteroidi kama Bennu sio zilivyozaliwa, ni rundo la vifusi kutoka kwenye mzazi mkubwa zaidi aliyevunjika baada ya kugongwa. Yule mzazi mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, alikuwa na barafu ndani na pia madini yenye mionzi, hasa alumini 26 ambayo inaoza haraka na kutoa joto, barafu ikayeyuka, ikawa kuna mifuko ya maji ndani ya mwamba. Humo kulikuwa na amonia, kulikuwa na haidrojeni sayanaidi ambayo kwa mtu ni sumu kali lakini kwa kemia ya mwanzo ni dhahabu, kulikuwa na aldihaidi. Hivyo vitatu vikikutana kwenye maji vinakupa asidi amino, ni njia anayoijua kila mwanafunzi wa kemia ogania, inaitwa mchakato wa Strecker toka karne ya 19. Hauhitaji radi wala jua.

Na sio Bennu tu. Kimondo cha Murchison kilianguka Australia Septemba 1969, ndani yake wakahesabu asidi amino zaidi ya 70. Wajapani wa JAXA, shirika lao la anga, na chombo chao Hayabusa2 wakaleta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020, humo wakakuta urasili, moja ya besi za RNA. Chombo cha Stardust kilipita karibu na nyotamkia Wild 2, glaisini ikaonekana kwenye vumbi lake. Chombo kingine, Rosetta, kikaikuta glaisini tena kwenye nyotamkia 67P pamoja na fosforasi. Kila tunapofungua mlango tunakuta hivyo hivyo.

bahari ya giza

Asante mleta uzi. Mi niongezee upande wa Enceladus maana ndo mwezi unaoninyima usingizi.

Enceladus ni kamwezi kadogo, kipenyo chake ni kilomita 504 tu, William Herschel alikaona 1789 na kwa miaka zaidi ya mia mbili kakaonekana ni donge la barafu lisilo na habari. Cassini, chombo cha kuchunguza Zohali, ilipofika kule 2004 haikuwa imeandaliwa kwa ajili yake, lakini 2005 ikaona kwenye ncha ya kusini kuna nyufa nne ndefu, wanaziita milia ya chui, na humo mvuke na chembe za barafu vinafoka kwenda angani bila kukoma. Zile chembe zinazokimbia ndo zinatengeneza pete nzima ya Zohali inayoitwa pete ya E. Yaani bahari inajimwaga nje, huhitaji kuchimba, unapita na chombo unaonja.

Na walionja kweli. Mwezi Oktoba 2015 Cassini ilipita kilomita 49 tu juu ya uso wake, ikapima maji, kabonidayoksaidi, methani, amonia, na kitu kilichowashtua watu wengi, haidrojeni yenyewe, asilimia 0.4 mpaka 1.4 ya ule mvuke. Kabla ya hapo walishakuta chembe ndogo mno za silika ambazo kwa hesabu zao zinahitaji maji kugusana na mwamba kwenye joto linalozidi nyuzi 90. Ukiunganisha hayo mawili unapata picha ya sakafu ya bahari yenye chemchemi za moto. Mwaka 2018 wakatangaza vipande vya molekuli kubwa zenye uzito wa zaidi ya vipimo 200 vya atomu, na 2023 wakatangaza fosfeti, kwa kiwango angalau mara 100 zaidi ya bahari za duniani. Fosfeti ilikuwa ndo wasiwasi mkubwa wa watu, bila fosforasi huna DNA wala utando wa seli kama tunavyozijua. Wasiwasi ukaisha.

Swali Moja

Samahani wakuu mi sio mtu wa sayansi. Huko jua ni kama tone la mwanga, sasa joto la kuyeyusha bahari linatoka wapi? Na kiumbe bila jua anakula nini?

bahari ya giza

Joto kwanza. Enceladus inazunguka Zohali kwa masaa kama 33, lakini njia yake sio duara kamili kwa sababu mwezi mwenzake Dione unaivuta kwa mpangilio, Enceladus ikizunguka mara mbili Dione inazunguka mara moja, kwahiyo kila mzunguko inasogea karibu na Zohali kisha inarudi nyuma, na mvuto unaukanda ule mwezi kama mtu anakanda unga, na ukikanda kitu kinapata moto. Kwa Mshtarii ni hivyo hivyo, miezi yake Io, Europa na Ganymede inacheza kwa hesabu ya 4, 2, 1, yaani Io ikizunguka mara nne, Europa inazunguka mara mbili na Ganymede mara moja. Na hii haikuwa kubahatisha, mwaka 1979 mwanasayansi Peale na wenzake waliandika kwamba Io lazima iwe imeyeyuka ndani, siku chache baadae chombo cha Voyager 1 kikapita kikakuta volkano zinalipuka.

Chakula namwachia mleta uzi.

kaboni12

Chakula ndo penyewe hasa, naomba mnivumilie nitakuwa mrefu.

Kiumbe hali mwanga, kiumbe anakula tofauti. Nikisema tofauti namaanisha vitu viwili vilivyo tayari kuungana vikatoa nishati lakini bado havijaungana. Wewe unakula wanga na unavuta oksijeni, hivyo viwili vinatamaniana, mwili wako unakaa katikati unachukua faida. Sasa chini ya bahari ya Enceladus kuna mwamba wenye chuma, maji yakiingia kwenye madini ya olivini chuma kinanyang'anya oksijeni ya maji na haidrojeni inabaki huru, mwamba unageuka kuwa madini mengine yanayoitwa sepentini. Hii sio nadharia ya mbali, hapa duniani kuna sehemu kwenye sakafu ya Atlantiki inaitwa Lost City, iligunduliwa mwaka 2000, ina minara myeupe ya chokaa inayotoa maji moto yenye haidrojeni na methani kwa njia hii hii, na vijidudu vinaishi humo.

Haidrojeni hiyo ikikutana na kabonidayoksaidi, kuna vijidudu vinaitwa methanojeni, vinachukua haidrojeni nne na kabonidayoksaidi moja vinatoa methani na maji mawili, na nishati kidogo inayobaki ndo maisha yao. Hawahitaji jua wala oksijeni. Naomba niseme hili kwa msisitizo kwa sababu watu huwa wanatoa mfano wa zile chemchemi zilizogunduliwa karibu na Galapagos mwaka 1977 zenye minyoo mikubwa, wanasema angalia, uhai bila jua. Sio sahihi sana. Wale minyoo wanategemea bakteria wanaotumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo imetoka kwa mimea na vijani vya juu vilivyopigwa na jua. Mfano halisi wa Enceladus ni methanojeni.

Sasa ndugu zangu angalieni hapa. Cassini imekuta haidrojeni nyingi na kabonidayoksaidi pamoja. Wengi walishangilia, chakula kipo! Ni kweli kipo, lakini chakula kikijaa mezani miaka na miaka kinaweza kuwa na maana mbili. Labda jiko linapika haraka kuliko walaji wanavyokula. Au hakuna walaji. Duniani ukiwa na haidrojeni na kabonidayoksaidi sehemu yenye joto la wastani, haikai, inaliwa mpaka inabaki kidogo sana. Mi binafsi hii ndo inaniumiza kichwa zaidi ya kitu chochote kwenye mada hii, kwa sababu ushahidi uleule unaosema Enceladus inakalika ndo unaoweza kusema haijakaliwa. Mahali kuweza kukalika na mahali kuwa na wakazi ni mambo mawili, na sioni watu wakiyatenganisha.

nyotamkia_77

Mleta uzi nakuheshimu ila hapa nakupinga kidogo. Hizo ogania za Enceladus wengi mnazichukua kwamba zinatoka baharini moja kwa moja. Chembe nyingi zilizopimwa zilikuwa kwenye pete ya E, zimekaa angani muda mrefu zinapigwa na mionzi, na mionzi ikipiga barafu yenye methani na amonia inatengeneza ogania mpya palepale. Maabara wameshafanya hivyo, unachukua barafu ya mchanganyiko ule unaipiga na chembe zenye chaji unapata vitu vinavyofanana na malighafi za asidi amino. Sasa utajuaje kipi kimetoka chini na kipi kimezaliwa juu?

bahari ya giza

Hoja nzito na ilijibiwa kwa sehemu. Mwaka 2008 Cassini ilipita ndani ya ule mvuke wenyewe kwa kasi ya kilomita 18 kwa sekunde, ikagonga chembe zilizokuwa zimetoka kwenye nyufa muda mfupi tu. Data hizo zilikaa miaka mingi, zikachambuliwa upya zikatoka 2025, timu ya Nozair Khawaja. Kasi ndo ilikuwa siri, chembe ikigonga kifaa taratibu yale maji yanafanya vifundo vinavyoficha alama za molekuli nyingine, ikigonga kwa kasi ile vifundo havipati nafasi. Wakakuta ogania zilezile za pete ya E zipo pia kwenye chembe mbichi, na za aina nyingine ambazo hazikuwa zimeonekana. Kwahiyo angalau sehemu yake sio kazi ya mionzi ya angani.

nyotamkia_77

Sawa, sehemu nakubali. Ila uso wenyewe wa mwezi pembeni ya nyufa nao unapigwa na mionzi, kwahiyo sijatoka kabisa kwenye msimamo wangu.

kaboni12

Na usitoke mkuu, ndo raha ya kuwa na wewe humu. Tena mionzi yenyewe isionekane ni adui tu. Twende Europa uone.

Europa ni mkubwa, kipenyo kama kilomita 3,120, na bahari yake inakadiriwa kuwa na maji mara mbili ya bahari zote za dunia. Uso wake unapigwa na mionzi ya Mshtarii kiasi ambacho mtu asingedumu hata siku. Lakini mionzi hiyo ikipiga barafu inavunja maji, haidrojeni nyepesi inakimbia, inabaki oksijeni na haidrojeni peroksaidi. Mwaka 2024 watu wa chombo cha Juno walipiga hesabu wakapata kama kilo 12 za oksijeni kwa sekunde, pungufu ya makadirio mengi ya zamani lakini bado ni kitu. Kwahiyo Europa juu kuna vitu vya kuunguza, na kama chini mwamba unatoa haidrojeni basi kuna vitu vya kuunguzwa, ile tofauti niliyoisema inakuwa kubwa kuliko ya Enceladus. Tatizo ni kwamba katikati kuna ganda la barafu la kilomita nyingi, na kama vya juu havishuki na vya chini havipandi ni sawa na mtu ana chakula chumba hiki na mdomo upo chumba kile. Ndo maana mi swali langu kubwa kwa Europa sio kemia, ni barafu: inajipindua au imelala?

Kuna dalili ya mawasiliano. Darubini ya James Webb mwaka 2023 ilikuta kabonidayoksaidi imejazana kwenye eneo la Tara Regio ambapo barafu imevurugika na inaonekana changa, na walioiangalia wanaona kaboni hiyo imetoka ndani, haikuletwa na vimondo.

Mtazama Anga

Na Titan mbona mnairuka? Huko ndo kuna ogania mpaka za kumwaga.

mchanga mweusi

Nimekuwa msomaji kimya ila Titan imenitoa. Titan ni mwezi mkubwa wa Zohali, kipenyo kilomita 5,150, umezidi hata sayari ya Zebaki, na ndo mwezi pekee wenye anga zito, naitrojeni kama asilimia 95 na iliyobaki karibu yote ni methani. Juu kabisa mwanga wa jua na chembe za chaji kutoka kwa Zohali vinavunja methani na naitrojeni, vipande vinaungana upya vinakuwa vikubwa, vinageuka ukungu wa rangi ya chungwa unaoshuka taratibu mpaka chini. Mvua ya methani inanyesha, mito inapita, maziwa yapo, Kraken Mare ni bahari kabisa. Chombo cha Huygens kilitua pale tarehe 14 Januari 2005 kikakuta mawe ya barafu yaliyolainishwa na mtiririko. Nilipoiona ile picha mara ya kwanza nilinyamaza, ni uwanda wa mto, na maji yenyewe ndo jiwe.

Shida ni baridi, nyuzi 179 chini ya sifuri. Kwenye methani ya baridi hivyo mafuta ya utando wa seli zetu hayafanyi kazi. Mwaka 2015 watu wa chuo kikuu cha Cornell wakapendekeza utando wa aina nyingine uliojengwa na akrilonaitraili, na 2017 darubini ya ALMA ikathibitisha molekuli hiyo ipo Titan kweli, mimi nilifurahi kama mtoto. Lakini 2020 hesabu nyingine zikaonesha kwamba molekuli hizo kwenye baridi ile zingependa kuganda fuwele kuliko kujipanga utando. Kwahiyo mlango haujafungwa ila umesogezwa. Kwa mtazamo wangu Titan ni ya kusoma jinsi kemia inavyofika mbali bila uhai. Dragonfly, chombo cha NASA cha kuruka kwa rotori nane, kimepangwa kuondoka 2028 na kufika 2034, kitaenda karibu na kreta ya Selk ambapo mgongano wa zamani uliyeyusha barafu, maji yakachanganyika na ogania kwa muda kisha yakaganda. Ni jaribio la maabara lililofanyika lenyewe na kuhifadhiwa kwenye friji.

Swali Moja

Kwahiyo mleta uzi turudi kwenye hoja yako, mkipima tu hizo za kushoto na kulia tunapata jibu?

kaboni12

Kwa mtazamo wangu hicho ndo kipimo namba moja. Chukua chembe za Enceladus, pima asidi amino, zikiegemea upande mmoja kwa nguvu basi kuna kitu kinachagua.

nyotamkia_77

Hapana mkuu, hapo umekimbia sana, na nakupinga pande zote mbili.

Upande wa kwanza, kimondo cha Murchison kilekile ulichokitaja kina asidi amino inaitwa isovalini, na mwaka 1997 Cronin na Pizzarello waliripoti kwamba ya kushoto imezidi ya kulia. Isovalini ni adimu mno kwenye viumbe vya duniani, kwahiyo huwezi kusema ni uchafu wa kwetu. Ina maana kuegemea kushoto kunaweza kutokea bila kiumbe yeyote, ndo maana Bennu kulingana nusu kwa nusu kulishangaza watu.

Upande wa pili, asidi amino ya kushoto ukiiacha majini kwenye joto inajigeuza taratibu, nyingine inakuwa ya kulia, mpaka mwisho zinalingana. Hapa duniani watu wanatumia hiyo kukadiria umri wa mifupa na magamba ya kale. Sasa bahari yenye chemchemi za moto, maji yamezunguka humo muda mrefu, kiumbe kikifa asidi zake zinajigeuza. Ukikuta nusu kwa nusu Enceladus bado hujathibitisha kwamba hakuna mtu nyumbani.

kaboni12

Mkuu umenipata, nimekaa nayo toka jana na nakubali yote mawili. Isovalini nilikuwa naijua ila niliiona kama kasoro ndogo ya pembeni, hiyo ya kujigeuza sikuipa uzito kabisa. Narekebisha: kipimo kimoja hakitoshi, iwe hicho au kingine.

Ila wazo la kuchagua silitupi, nalipanua. Chukua asidi za mafuta. Viumbe vinazijenga kwa kuongeza kaboni mbili mbili, kwahiyo ukizipanga kwa urefu zenye kaboni za idadi shufwa zinazidi za idadi witiri, unaona ngazi ya juu chini juu chini. Kemia isiyo na uhai inaongeza kaboni moja moja na matokeo yake ni mteremko laini, fupi nyingi, ndefu chache. Ngazi hiyo haiharibiwi na kujigeuza kwa kushoto na kulia. Alafu unaangalia asidi amino ipi imezidi, maana isiyo na uhai itajaa glaisini, ndo rahisi kutengeneza, na zile ngumu zinakuwa kiduchu au hazipo, wakati viumbe vinatengeneza ngumu kwa sababu vinazihitaji hata kama ni gharama. Alafu isotopu za kaboni, yaani kaboni nyepesi na nzito, kwenye methani zilinganishwe na zile za kabonidayoksaidi ya palepale. Zote zikielekea upande mmoja hapo ndo nitasimama niseme.

nyotamkia_77

Hapo tuko pamoja. Na isotopu nazo uangalie zisikudanganye, kuna kemia ya mwamba inayopendelea kaboni nyepesi pia, lakini zikija na ile ngazi ya mafuta sina ubishi.

Mtazama Anga

Sasa nani atapima haya na lini? Cassini ilishazamishwa ndani ya Zohali Septemba 2017.

bahari ya giza

Ndiyo, waliizamisha makusudi ili isije ikagonga Enceladus au Titan ikaacha vijidudu vya kwetu. Kilicho njiani sa hivi ni Europa Clipper, iliondoka Oktoba 14, 2024, inafika Mshtarii Aprili 2030 na imepangwa kuipita Europa mara 49, ina kifaa cha SUDA cha kupima chembe moja moja za vumbi na barafu na MASPEX cha kupima gesi kwa usahihi ambao Cassini haikuwa nao. JUICE ya ESA, shirika la anga la Ulaya, iliondoka Aprili 2023, inafika Julai 2031, hiyo kazi yake kubwa ni Ganymede ila itapita Europa mara mbili. Kwa Enceladus ESA wameiweka mbele kwenye mipango yao ya baadae, lakini ni ya miongo kadhaa.

kaboni12

Niongezee kwamba SUDA itaweza hata kukusanya vumbi linalorushwa na vimondo vidogo vikigonga uso wa Europa, kwahiyo hata kama Europa haifoki kama Enceladus bado tutaonja barafu yake, na kwa kuwa kila chembe inajulikana imerushwa kutoka eneo gani tunaweza kulinganisha Tara Regio na sehemu za barafu kuukuu. Mi hapo ndo nitaangalia kwanza. Kama ogania za kule kuchanga zinatofautiana na za kule kukuu basi bahari inaongea na uso, na lile swali langu la vyumba viwili litakuwa limepata jibu.

Mwenye kujua vizuri mambo ya barafu ya Europa, unene wake na kama inajipindua, naomba aje, nina maswali mengi upande huo.